Mtu Juu ya Mti: Historia ya Picha ya Uzima, Kifo na Siku Zinazopita



Iko picha moja ambayo watu wa inchi yetu wanaijua vizuri. Mtu amepanda mti unaoinama juu ya mto. Nyuma yake, ukingoni, simba anamngoja. Chini, majini, mamba amefungua kinywa. Mtu huyo anatazama juu kusudi apande zaidi, na kumbe katikati ya matawi nyoka amejizungusha, anamtolea ulimi. Rangi zake ni kali: majani mabichi, maji ya buluu, kinywa cha mamba chekundu kama damu. Mafundi wa picha katika miji ya Kongo waliichora mara nyingi sana katika miaka ya 1970, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na watu waliinunua na kuitundika ukutani, pale wanapopokelea wageni. Jina lake ni Inakale, maana yake hakuna njia ya kutokea. Mwalimu wa historia Bogumil Jewsiewicki, aliyezichunguza picha za namna hiyo kwa miaka mingi, aliitaja kati ya zile zilizopendwa na watu kuliko nyingine, pamoja na picha ya Mami Wata, ya Lumumba, na ile inayoitwa « Colonie belge ».

Tunataka kuuliza maswali mawili. Kwanza, picha hii inasema nini juu ya uzima na kifo? Pili, katekisti anayeingia katika nyumba ya Mkristu na kuikuta ukutani afanye nini nayo? Ili tujibu vema, yafaa tuitazame kwanza hapa kwetu Bafwasende, halafu tuitafutie ndugu yake wa zamani, kwa maana ndugu anaye, naye ni mzee sana.

I. Picha na inchi yetu

Bafwasende iko karibu kilomita 260 toka Kisangani, upande wa mashariki, kwenye njia inayokwenda Nia-Nia, na mto Lindi unapita hapo. Mtu wa hapa akiitazama Inakale hahitaji mfasiri. Nyoka anamjua shambani, mamba anamjua mtoni. Simba peke yake ni mgeni, kwani hakai katika pori kubwa kama letu, anakaa katika inchi za majani. Mnyama wa kuogopwa huku ni chui. Hata wale wauaji wa siri wa zamani, ambao wazee wa Babali waliwaita anioto, walijificha chini ya alama ya chui.

Lakini mwaka 1964 simba alifika katika pori letu, naye alikuwa mtu. Waasi waliojiita Simba waliingia Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwanzo wa mwezi wa Agosti 1964. Tarehe 24 Novemba ya mwaka ule askari wa Ubelgiji walishuka mjini kwa miavuli. Toka hapo watu wengi wa vijiji walijikuta katikati: upande mmoja waasi wenye hasira, upande mwingine askari wa serikali pamoja na mamluki. Mtu akikimbilia porini, njaa na homa zilimngoja humo. Mafundi wa miaka ya 1970 hawakuzua kitu basi. Mteja aliyetoa franka au zaire zake kwa kununua Inakale alikuwa amekwisha kukaa juu ya mti ule.

Tena siku zile, wakati wa utawala wa Mobutu (1965–1997), haikuwa vyepesi kusema wazi mambo yanayomkaza mtu. Picha ilisema kwa nafasi yake. Mgeni aliketi, akanywa maji, akatazama ukutani, na mwenye nyumba hakuhitaji kuongeza neno. Halafu vita vilirudi. Toka tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yote mawili ya kigeni, yalipigana katika mji wa Kisangani, na raia wengi walikufa katika nyumba zao, kwa mabomu ya watu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Baba aliyetoka nje alikuta risasi, aliyebaki ndani alikuta bomu, aliyeshuka mtoni hakupata chombo cha kuvukia. Picha ilikuwa ile ile.

II. Ndugu wa zamani

Sasa tuiache kidogo Kongo, tufuate safari ya picha nyingine inayofanana nayo. Hatudai kwamba moja ilizaa nyingine. Tunaziweka pembeni kwa pembeni kusudi moja itusaidie kuisoma nyingine.

Wasomaji wa Maandiko wamekwisha kumkumbuka nabii Amosi. Katika sura ya 5 anasema juu ya mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu, na alipofika nyumbani na kuegemeza mkono wake ukutani, nyoka akamwuma. Ndivyo, asema nabii, itakavyokuwa siku ya Bwana kwa wale wanaoingoja pasipo kutenda haki.

Huko India nako kulikuwa na mfano wa namna hii katika kitabu kikubwa cha Wahindi kiitwacho Mahabharata. Vita vilikuwa vimekwisha. Mfalme Dhritarashtra, kipofu na mzee, alikuwa amepoteza wanawe mia moja. Ndugu yake Vidura alimfariji kwa mfano wa mtu aliyepotea katika pori la kutisha. Mtu yule alianguka katika shimo lililofunikwa na mimea, akabaki akining'inia, kichwa chini na miguu juu. Chini kulikuwa na joka, juu tembo. Panya weupe na weusi walikuwa wanatafuna mti uliomshika. Lakini nyuki walikuwa na asali pale, ikadondoka tone kwa tone, na mtu yule alikuwa akiilamba bila kushiba. Vidura alifasiri: tembo ni mwaka, panya ni mchana na usiku, asali ni anasa. Tukumbuke vema kwamba mfano huu ulitolewa mbele ya mzazi aliyefiwa vitani.

Toka India mfano ulisafiri. Katika karne ya 6 mganga Mpersia aitwaye Burzoe alipeleka hadithi za Wahindi katika lugha ya Kipersia. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alizitia katika Kiarabu, katika kitabu kiitwacho Kalila na Dimna, na humo mna mtu wa shimoni, panya wawili na asali. Waarabu walikuwa pia na kitabu kingine juu ya mwana wa mfalme aitwaye Yudasaf na mwalimu wake Bilawhar. Wakristu wa Georgia walikichukua na kukifanya kitabu cha Kikristu. Mmoja wao, mmonaki Euthymius wa Mlima Athos, aliyekufa mwaka 1028, alikiandika kwa Kigriki. Mwaka 1048 kilipata Kilatini. Hivi Ulaya nzima ilisoma habari za « Barlaamu na Yosafati », na katika karne ya 13 Jakobo wa Voragine, Mdominikani, aliwaweka katika kitabu chake cha maisha ya watakatifu.

Afrika pia haikukosa. Mwaka 1553 Enbaqom, aliyekuwa abate wa monasteri ya Debre Libanos katika Etiopia, mtu aliyetoka Yemeni na kuuacha Uislamu, alikifasiri kitabu hicho kutoka Kiarabu katika Kigeez, lugha ya ibada ya Wakristu wa Etiopia. Wamonaki wa Kiafrika walisoma mfano wa mti na panya zaidi ya miaka 300 mbele ya misioni ya kwanza kusimama kwenye maporomoko ya Stanley mwaka 1897.

III. Mfano uliochorwa na kuchongwa

Katika kitabu cha Wagriki mnyama anayemfukuza mtu ana pembe moja, naye ni kifo. Shimo ni ulimwengu. Mti ni uzima wa kila mtu. Panya mweupe ni mchana, panya mweusi ni usiku. Wanatafuna pamoja, bila kelele na bila kupumzika. Nyoka wanne ni vitu vinne ambavyo wazee walidhani mwili umetengenezwa navyo. Joka chini ni jehanamu. Asali ni utamu wa dunia.

Mafundi hawakukawia kuona kwamba mfano huu unafaa kuchorwa. Katika Zaburi zilizoandikwa na kupambwa na Theodoros huko Konstantinopoli mwaka 1066, mnyama mwenye pembe na mtu wa mtini wamechorwa kwa rangi na dhahabu pembeni ya zaburi inayofananisha siku za mtu na kivuli kinachopita.

Lakini kazi inayotuhusu zaidi sisi watu wa katekesi iko Italia, katika mji wa Parma. Mwaka 1196 fundi Benedetto Antelami alianza kujenga hapo nyumba ya ubatizo, ya mawe ya rangi ya waridi. Nyumba ina milango mitatu. Juu ya mlango wa kaskazini amechongwa Bikira Maria na Mtoto, na Mamajusi wakileta zawadi. Juu ya mlango wa magharibi ni Hukumu ya mwisho, na kandokando matendo ya huruma. Juu ya mlango wa kusini ni mti wa Barlaamu: kijana amekaa katika matawi, ameikaza macho asali, chini joka linatema moto, wanyama wawili wanatafuna shina. Huku na huku jua na mwezi wanapita katika magari yao, kusudi kila mtu aelewe kwamba siku zinakwenda.

Tuone hekima ya fundi huyu. Hakuuweka mfano huo makaburini. Aliuweka kwenye mlango wa ubatizo. Mtu aliusoma nje, akaingia, akakuta maji. Njia ya kutokea haikuchongwa juu ya ukuta kwa sababu ilikuwa ndani ya nyumba.

IV. Mtakatifu ambaye hakuwako

Hapa frateri anayesoma historia ya Kanisa atauliza: Na huyu Yosafati ni nani? Swali ni jema, na jibu tusilifiche. Martirologio ya Kirumi ya karne ya 16 ilimtaja pamoja na Barlaamu tarehe 27 Novemba. Mwanzo wa karne ya 17 Diogo do Couto, Mreno aliyeandika historia ya India, aliona kwamba habari zake zinafanana mno na habari za Buddha. Mwaka 1859 na 1860 wanachuoni Laboulaye na Liebrecht walilihakikisha jambo hilo. Mwana wa mfalme aliyefungiwa katika jumba kusudi asione uzee wala ugonjwa wala kifo, halafu akaviona na kuacha yote, ndiye Buddha. Hata jina linashuhudia: Bodhisattva, jina la heshima la Buddha, katika Kiarabu lilikuwa Budasaf, nukta moja ilipokosewa, likawa Yudasaf, Wageorgia wakasema Iodasafi, Walatini wakasema Yosafati.

Je, Wakristu wa zamani walidanganyika? Juu ya mtu, ndiyo: hakuna mwana wa mfalme Mkristu wa India aliyeishi maisha yale. Juu ya mfano, hapana. Mfano wa Mwana mpotevu ni kweli bila sisi kuonyeshwa kaburi la baba yake. Panya wawili wanatafuna mti wa kila mtu, awe Mhindi, Mwislamu, Mgriki au Mrumbi. Kanisa lilipoupokea mfano huu lilipokea ukweli uliopita katika mikono mingi, na halikupoteza kitu kwa kuuleta mlangoni pa ubatizo. Jambo hilo lituongoze pia tunapokutana na Inakale, ambayo haikuzaliwa katika sakristia.

V. Kitu ambacho Inakale haina

Tuweke sasa picha mbili pamoja. Zote mbili zina mti, mtu aliyekamatwa, mnyama nyuma na kinywa chini. Lakini Inakale haina panya, wala asali. Hapo ndipo penye neno letu.

Katika Inakale kifo kinatoka kwa adui. Kina meno na macho, kimemchagua mtu huyu. Kama adui akiondolewa, mtu ataishi. Wenye kuona mambo ya 1964 na ya 2000 hawawezi kuambiwa kwamba ni uongo. Ndugu zao hawakuliwa na siku zilizopita. Waliuawa na watu. Katekisti anayekwenda kwenye kilio cha mtu aliyeuawa na kusema tu kwamba sisi sote tunapita, anamkosea mjane. Mnyama ana jina, na haki inadaiwa. Amosi mwenyewe hakusema juu ya simba na nyoka pasipo kusema juu ya haki.

Lakini vifo vingi katika vijiji vyetu ni vya namna nyingine. Mtoto amekufa kwa malaria. Mzee amekufa kwa uzee. Mama amekufa kwa kuzaa, mbali na hospitali. Basi watu wanakaa kilioni, na swali la kwanza ni: « Nani amemla? » Wanatafuta simba, na kama hawamwoni, wanamtengeneza. Mara bibi mzee asiye na mtoto wa kumtetea, mara yatima, anaitwa mchawi, anapigwa, anafukuzwa. Hapo Inakale peke yake inatudhuru, kwani inatufundisha kwamba kila kifo kina adui aliyejificha. Hapo tunawahitaji panya. Panya hawana chuki na mtu. Hawakutumwa na jirani. Mweupe na mweusi wanatafuna mti wa yule bibi kama wanavyotafuna mti wa wale wanaomshitaki. Kumfundisha mtu kwamba siku zake zina mwisho pasipo mrogaji ni kuokoa uzima wa jirani yake.

Na asali? Watu wa pori letu wanaifahamu kuliko Wagriki. Mbuti anayepanda mti mrefu kwa kutafuta asali anajua kwamba huko juu mikono imeshika utamu na miguu imesimama juu ya kifo, kwa hiyo anajifunga vema na kushuka wakati unapofika. Lakini yuko mtu asiyeshuka. Katika Bafwasende wengi wanachimba zahabu na almasi. Kazi si dhambi. Lakini kijana anayeacha shule na mke, anayekula jioni yote aliyopata mchana, na kusema kila mwezi kwamba mwezi ujao atarudi nyumbani, huyo anasikia tone la asali ulimini na hasikii meno ya panya. Inakale haimwambii neno, kwa sababu ndani yake mtu hana kosa, ameonewa tu. Picha ya Parma inamwambia: ndugu, tazama shina.

VI. Mtu mmoja aliyekuwa juu ya mti

Toka kwetu si mbali na inchi ya Wamba. Tarehe 26 Novemba 1964 Monsenyeri Joseph Wittebols, askofu wa Wamba, Padri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, aliuawa na waasi pale Wamba. Tarehe 29 Novemba waasi walifika kwenye konventi ya Bafwabaka na kuwachukua masista. Kati yao alikuwa Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Huko Isiro, usiku wa kuingia tarehe 1 Desemba 1964, kolonele mmoja alitaka kumtwaa kwa nguvu. Alikataa, akapigwa, akachomwa na kupigwa risasi, na mbele ya kufa alimsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985 pale Kinshasa.

Tumtazame kwa macho ya picha zetu mbili. Simba alikuwa mbele yake, wala hapakuwa na njia ya kutokea. Asali pia ilikuwako: aliahidiwa uzima kama akikubali. Panya walikuwa hawajatafuna sana, maana alikuwa na miaka 24. Lakini hakukaa kama mtu wa Inakale anayetazama huku na huku kwa hofu, wala kama kijana wa Parma anayejisahau. Alijua kwamba uko mti mwingine ambao Mtu alipandishwa juu yake, adui wakiwa chini wakimtazama, na mti ule ukawa mlango. Kwa sababu hiyo aliweza kusamehe. Mtu asiyeona mlango hawezi kusamehe. Anaweza kupiga kelele tu.

VII. Shauri kwa makatekisti

Ukiingia nyumbani na kuikuta Inakale ukutani, usiikemee. Keti, uitazame pamoja na wenye nyumba, na uulize maswali manne. La kwanza: Katika maisha yenu, simba huyu alikuwa nani? Waache waseme, na wewe usiharakishe kufariji. Katika nyumba nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. La pili: Panya wako wapi? Waeleze habari ya mchana na usiku, hasa ikiwa katika mji ule kuna mtu anayetuhumiwa uchawi. La tatu: Asali yetu ni nini? Hapo anza na yako mwenyewe. La nne: Mlango uko wapi? Halafu wapeleke kwenye chombo cha ubatizo, uwaonyeshe maji.

Na ninyi mafrateri, mtakapokuwa mapadri na kupata fundi wa picha katika parokia, msimwombe afuate picha za Ulaya tu. Mwambieni achore mti wa hapa kwetu juu ya Lindi, chui kwenye ukingo, panya mweupe na panya mweusi kwenye shina, mzinga wa asali katika tawi. Halafu aichore karibu na mlango wa kanisa, upande wa nje, kusudi kila mtu aisome mbele ya kuingia.